Msafara wa msiba uko mbele, bosi anapiga simu: dereva afanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa Canter, napeleka bidhaa za madukani kutoka Dar es Salaam hadi Moshi mara mbili kwa wiki. Juzi nimeshaipita Korogwe nikakuta msafara wa msiba, magari saba, yote yamewasha taa za hazadi, yanatembea kama 60. Nikakaa nyuma. Bosi akapiga simu mara tatu kuuliza nimefika wapi. Mwishowe nikaanza kuyapita mawili mawili: nachomekea, natulia kidogo, natoka tena, mpaka nikayamaliza. Nilipolipita gari lenye mwili, mama mmoja alinitazama dirishani, hakusema kitu. Utingo wangu naye hakunisemesha hadi Same. Je, nilikosea? Sheria inasemaje? Na huku mjini, ukikutana na watu wamebeba jeneza mabegani, unasimama au unapita taratibu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nikupe jibu, maelezo yafuate. Kuupita msafara wa msiba si kosa. Kuingia katikati yake ndiko kulikokuwa kosa, tena ungeweza kuua. Uzuri ni kwamba umeuliza, na mama yule ametoka akilini mwako akaingia kwenye swali lako. Wengi huwa hawamwoni kabisa.

Nimeendesha malori miaka mingi kabla sijaanza kufundisha udereva, na barabara hiyo ya Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same mpaka Njia Panda ya Himo naijua kona kwa kona. Ndiyo barabara ya misiba ya Kilimanjaro. Wachagga wengi wanaofia Dar es Salaam hawazikwi Dar es Salaam. Wanarudishwa nyumbani, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, walale karibu na wazazi wao. Kwa hiyo mwili unaagwa, msafara unaondoka, mara nyingi jioni au usiku, ili alfajiri uwe mlimani. Ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Anayefanya kazi kwenye barabara hiyo atakutana na misiba kama anavyokutana na mizani, na inabidi awe na utaratibu wake mapema, asisubiri kuubuni mbele ya jeneza.

Sasa nikupeleke ndani ya msafara wenyewe, maana kule ndiko jibu liliko. Baba yangu mdogo alipofariki tulimpeleka Rombo, na mimi ndiye niliyeendesha gari la pili, nyuma ya lile lenye mwili. Nilikuwa dereva wa kazi, mzoefu, nikajiona nafaa kuliko wengine. Lakini nilikuwa sijalala usiku miwili. Mchana nilikuwa mochwari, usiku nilikuwa msibani napokea wageni. Tulipovuka Wami sikuwa naitazama barabara tena. Nilikuwa natazama taa mbili nyekundu za gari la mbele, basi. Zikienda naenda, zikisimama nasimama. Nyuma yangu kulikuwa na shangazi zangu wanaimba, wengine wanalia, mmoja anaomba maji. Kabla ya Mkata lori likachomekea kati yangu na zile taa. Ghafla mbele yangu kukawa na ukuta wa bodi. Nilikanyaga breki, shangazi mmoja akagonga uso kwenye kiti cha mbele. Lori lilipoondoka, gari la mwili lilikuwa limeshapotelea mbele, na mimi, badala ya kupunguza mwendo nitulie, nikakimbiza. Nilikimbiza kwa sababu kwetu kuliacha jeneza litangulie peke yake ni jambo zito. Nikafika 120 na Noah imejaa watu. Hilo ndilo unalolisababisha unapouvunja msafara. Wewe unaona umepita magari mawili tu, kumbe nyuma umemwacha mtu mwenye huzuni na usingizi anaanza kukimbiza.

Ndiyo maana nasema madereva wa msafara wa msiba usiwahesabu kama madereva wa siku ya kawaida. Wengi si madereva wa kazi. Kuna mjomba aliyeazima gari, kuna kijana ambaye safari yake ndefu ya mwisho ilikuwa Bagamoyo. Wanafuatana kwa karibu kuliko inavyotakiwa. Wanasimama bila ishara, maana kuna mtu amezimia, au gari la nyuma limeachwa, au mzee anataka kushuka. Na hazadi wanazowasha, kwa nia njema kabisa, zinakuficha jambo moja kubwa: gari lenye hazadi haliwezi kukuonyesha indiketa ya kukata kulia. Unatoka kuovateki, kumbe na lenyewe linaingia kituo cha mafuta upande huo huo wa kulia.

Tufanye hesabu ya ule msafara wako, kwa kuwa hesabu huwa inamwingia dereva kuliko mawaidha. Magari saba, kati ya gari na gari tuseme mita 25. Kutoka mkia hadi kichwa unapata kama mita 190. Ongeza nafasi ya kutokea, nafasi ya kurudi kushoto na urefu wa Canter yako, unafika mita 240. Wao wako 60. Gari la biashara lenye uzito unaozidi kilo 3,500 kisheria lisizidi 80 nje ya makazi, kwa hiyo unawazidi kilomita 20 tu kwa saa, ambazo ni kama mita tano na nusu kwa sekunde. Unahitaji sekunde 43 kuwamaliza. Katika sekunde hizo 43 Canter inakuwa imetembea karibu kilomita moja nzima upande usio wako. Na basi linalokuja mbele likiwa 80, nalo limekula karibu kilomita moja. Maana yake uione barabara tupu ya kilomita mbili mbele yako kabla hujatoka. Kuna sehemu chache sana kati ya Korogwe na Same zinazokupa hiyo, na usiku hakuna kabisa, kwa sababu taa zako hazimuliki huko.

Utaniambia ndiyo maana ulipita mawili mawili. Haya, tuitazame na hiyo. Uliingia kwenye pengo la mita 25 na gari la mita saba. Zikabaki mita tisa mbele yako na tisa nyuma yako. Kwa mwendo wa 60, mita tisa ni nusu sekunde. Mtu aliyelala vizuri anahitaji zaidi ya sekunde moja kuona jambo na kukanyaga breki. Yule aliyekesha msibani wala tusimhesabie.

Haya siyatoi hewani. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, wilayani Korogwe, barabara hiyo hiyo uliyopita, Coaster iliyobeba mwili na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso. Siku iliyofuata vifo vilivyotangazwa vilikuwa 17. Taarifa zilieleza kwamba Fuso lilikuwa linajaribu kulipita gari lililokuwa mbele yake. Watu walitoka nyumbani kwenda kuzika mtu mmoja. Kila nikifika kwenye somo la kuovateki nasimama kwenye ajali hiyo, na darasa linanyamaza bila kuambiwa.

Sasa sheria. Gari ambalo sheria inakulazimisha ulipe njia ni la dharura lenye king'ora: zimamoto, wagonjwa, polisi. Msafara wa msiba haumo humo. Taa nyekundu inawahusu, kibao cha 50 kinawahusu, na hazadi haziwapi haki ya kupita kwenye makutano kana kwamba barabara ni yao. Askari wa usalama barabarani akiwaongoza, hapo unatii mkono wa askari. Kwa upande wako, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haihitaji kutaja jeneza ili ikushike: kuovateki kwa hatari ni kosa iwe mbele ni harusi, msiba au gari la mkaa. Na duniani kuna Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao katika ibara ya 26 unakataza watumiaji wa barabara kukata safu za askari, watoto wa shule walio na msimamizi wao, na misafara mingine. Waliouandika hawakuwa wamekaa pamoja msibani Rombo, lakini waliona jambo lile lile: watu wanaokwenda pamoja usiwatenganishe.

Kuhusu ambulensi, kwa sababu najua utauliza. Kuna ambulensi zinabeba maiti na zinapiga king'ora. Haipendezi, maana dharura imeshakwisha. Lakini wewe uliye barabarani hujui ndani kuna nani. Toa njia. Usianze kuwa hakimu kwenye usukani.

Basi ufanyeje ukiukuta tena? Mimi ninavyowafundisha vijana, ukiona hazadi mfululizo, kitambaa kwenye vioo vya pembeni au msalaba mbele ya gari, kitu cha kwanza ni kuondoa mguu kwenye mafuta, si kuweka kwenye breki. Kaa mbali na gari la mwisho, sekunde tatu au nne, zaidi kama ni usiku. Usipige honi, usimulike taa kubwa kwenye vioo vyao. Anayeendesha huku analia anaumia macho mara mbili. Muziki zima. Sisemi punguza, zima, hasa kama una spika za matangazo juu ya gari. Utingo akae ndani, asitoe kichwa kuchungulia wala simu kupiga picha.

Halafu subiri. Mara nyingi misafara hii ina mtu mzoefu gari la mwisho. Akiona una mzigo na mbele kumenyooka, atakupungia mkono. Hata hapo macho yako ndiyo yaamue, mkono wake usikutoshe. Kama unaona mbele kupita kichwa cha msafara, zile kilomita mbili zote tupu, pita wote kwa mkupuo mmoja, kwa mwendo ule ule, urudi kushoto ukiwa umewaacha mbali, usije ukawakatia breki. Kama huoni, hupiti. Wakisimama kituoni, hapo pita taratibu, maana watu wa msiba wanashuka upande wowote.

Na kuna njia nyingine ambayo madereva wengi hawaifikirii kwa sababu wamezoea kushindana na saa. Simama wewe. Ulikuwa unakaribia Mombo. Ungeegesha, ukanywa chai, ukakagua matairi, msafara ukaenda zake. Ukitoka baada ya robo saa utaendesha kwa mwendo wako na moyo umetulia, na huenda usiwaone tena.

Hapo ndipo tunafika kwa bosi. Umeniambia alipiga mara tatu, na nahisi ndizo zilizokuchomoa nyuma ya ule msafara. Mpigie wewe kwanza, gari likiwa limesimama, umwambie: bosi, nina msafara wa msiba mbele, nitachelewa kidogo. Mpe na hesabu. Kilomita 40 kwa mwendo wa 80 ni dakika 30. Kwa mwendo wa 60 ni dakika 40. Zinazobishaniwa ni dakika 10. Duka la Moshi litakuwa bado liko wazi. Mabosi niliofanya nao kazi, wengi wao, ukiwaeleza hivyo wanasema sawa, poleni. Asiyeelewa, nami namwandikia hapa: mzee, gari lako lina jina lako ubavuni. Waombolezaji wa magari saba ni watu 60 au 70, na kesho wote wako matangani wanasimulia safari ilivyokuwa. Je, unataka jina lako litajwe vipi pale? Na usimpigie dereva simu mara tatu akiwa barabarani, ukimpigia mara ya nne utapokelewa na trafiki.

Ukikutana nao uso kwa uso ni rahisi zaidi: punguza mwendo, shusha taa, sogea kushoto kadiri lami inavyokuruhusu, waache wapite. Usisimame katikati ya barabara kuu kwa nia ya kutoa heshima. Nimeona mtu amefunga breki ghafla mbele ya basi kwa sababu ameona jeneza upande wa pili. Ukitaka kusimama, washa indiketa, toka kabisa kwenye lami, kisha simama.

Mjini na pwani mambo ni mengine. Jeneza likibebwa mabegani, Tanga, Unguja, Kariakoo au popote, wewe simama. Usipite taratibu, simama kabisa, zima muziki, na kama utakaa zaidi ya dakika zima na injini ili moshi usiwapulizie watu usoni. Waislamu hawacheleweshi maiti. Wamefundishwa kuharakisha jeneza, kwa hiyo wanatembea kwa kasi na hutasubiri sana. Utaona watu wanatoka madukani na vibarazani, wanapokea bega hatua kadhaa, wanamwachia mwingine. Jeneza linapita juu ya mikono ya watu ambao baadhi hawakumjua marehemu hata jina. Ndiyo maana huwezi kupenyeza gari pembeni: mtu anayekimbilia kupokea jeneza hatazami nyuma. Madereva wengi wa pwani hushuka, wakasimama mlangoni mwa gari, na wapo wanaokwenda kubeba hatua chache kisha wakarudi kwenye usukani. Kushuka si lazima. Lakini imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alisimama jeneza lilipopita, na alipoambiwa kuwa ni la Myahudi akauliza kama huyo naye si nafsi. Kwa hiyo usijiulize kama marehemu ni wa dini yako.

Misiba ya bodaboda inahitaji neno lake. Kijana wa kijiwe akifariki, wenzake humsindikiza kwa pikipiki kwa makumi, honi zinalia, wanajaza leni zote, wengine wanasimama juu ya siti. Wana uchungu na ni vijana. Wewe hapo tafuta pa kuegesha, funga vioo, waache wapite. Usijibizane nao hata wakigonga bodi. Na usijaribu kukata katikati yao kwa sababu umeona pengo. Nyuma ya pikipiki unayoiona kuna tatu zinakuja kwa kasi kuziba pengo hilo hilo.

Kuna jingine hukuliuliza lakini kwa kazi yako litakukuta: turubai. Unapeleka mzigo mtaani, unakuta njia imefungwa kwa mawe na matawi, viti vimepangwa mpaka katikati, akina mama wamekaa kwenye mikeka. Usipige honi. Egesha nje ya mtaa, shuka kwa miguu, sema poleni na msiba, subiri uitikiwe, kisha mwulize mzee yeyote kama kuna njia nyingine. Mara nyingi vijana wa pale pale watakusaidia kubeba katoni kwa mkono hadi dukani. Nimeshuhudia hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Na nimeshuhudia mara moja dereva aliyepiga honi. Mzigo wake haukushuka siku ile wala wiki ile.

Ukianza kuvuka mpaka, ujue desturi zinafanana ila siku zinatofautiana. Kenya, barabara inayotoka Nairobi kupitia Nakuru kwenda magharibi hujaa misafara siku ya Ijumaa, kwa kuwa maziko mengi huko ni Jumamosi. Panga safari yako ukilijua hilo.

Wapo madereva watakaokwambia kulipita jeneza ni mkosi, kwamba ukilipita litakufuata. Sitabishana nao. Nimekaa na wazee wa barabarani walioamini hivyo, na walikufa kwa uzee kitandani mwao. Lakini usisubiri nyuma kwa kuogopa mkosi peke yake, kwa sababu siku moja hofu itakutoka na utakuwa huna sababu nyingine. Subiri kwa sababu ya yule anayeendesha gari la pili.

Na ukikuta gari la msiba limeharibika pembeni, simama hata kama bosi anapiga. Toa jeki yako, weka pembetatu zako nyuma yao mbali kiasi cha lori kuziona mapema, washa taa. Dakika 20 hizo sijawahi kumwona bosi aliyezikata kwenye mshahara, na hata akizikata, zikubali.

Utingo wako mtafute mkae mzungumze. Usimwambie kwamba bosi ndiye aliyesababisha. Mwulize tu alikuwa anawaza nini kutoka Korogwe hadi Same, umwache aseme mpaka amalize.